Siku Nilipomwombea Mzee Rajabu Mapafu Pumziko la Milele

Nianze na lile la aibu kabisa, ili wa kucheka acheke mapema tuendelee: mimi, mtu mzima mwenye mke, cheti cha kidato cha nne na saksafoni, nilimuua msanii ninayemhusudu kuliko wote duniani kwa kalamu ya wino wa bluu, nikampeleka kanisani akaombewe, halafu nikarudi kulala. Na sikumuua kwa chuki, jamani, nilimuua kwa uvivu wa kuandika maneno mawili juu ya karatasi.

Mimi ni mtu wa nyumbani. Wenzangu wa bendi wananiita Kobe, kwa sababu eti hata nikitoka natoa shingo tu, mwili unabaki nyumbani Buzebazeba, hapa Kigoma. Mazoezi yangu nafanyia chumbani, mlango umefungwa, nimeelekeza saksafoni ndani ya kabati la nguo ili mlio umezwe na magauni, kwa hiyo vitenge vya mke wangu, Mama Neema, vimesikia muziki wangu mwingi kuliko binadamu yeyote wa mkoa huu (navyo havijawahi kulalamika, ndiyo maana navipenda). Siku za Jumapili mchana ndiyo nalazimika kutoka, maana bendi yetu, Migebuka Jazi, hupiga bonanza pale ufukweni karibu na Kibirizi. Msikie jazi ya kwetu, si ile ya watu waliokaa kimya na glasi mkononi. Ni magitaa matatu, ngoma, saksafoni moja ambayo ni mimi, na watu wenye vumbi la dagaa miguuni wanaotaka kucheza.

Sasa huyo ninayemhusudu. Nimesikiliza wapulizaji wengi, wa ng'ambo ya ziwa, wa Dar, hadi wale wa Marekani ambao nawapata kwenye simu siku yenye mtandao, na wengi wao, Mungu anisamehe, wanapuliza kama wanawahi boti. Mzee Rajabu wa Ujiji hupuliza kama mtu anayekula samaki mwenye miiba: anachambua taratibu, anatoa mwiba mmoja, anauweka pembeni, na wewe msikilizaji umekaa hapo unameza mate. Walimwita Mapafu tangu ujana, kwa sababu alikuwa na uwezo wa kuongoza matarumbeta ya harusi kutoka Ujiji hadi Mwanga ya hapa mjini kwa miguu bila kuomba maji. Nusu ya ndoa za mji huu, za msikitini na za kanisani, zilisindikizwa na pumzi yake. Siku hizi amezeeka, saksafoni yake imelala ndani ya sanduku chini ya kitanda, na anafuga kuku.

Miaka mitatu nilikuwa namwomba anifundishe. Nilichotaka si wimbo, nilitaka ile namna yake ya kupuliza kidogo ikatosha. Kila nikienda ananijibu vilevile, "Kwanza nikusikie," na kila nikimwambia anisikie, anasema goti linauma. Basi wiki ile, sijui goti lilipata nini, akasema, "Jumapili nitakuja kwenye bonanza lenu. Nikisikia kitu, Jumatatu uje na chombo chako. Nisiposikia kitu usinisumbue tena, nina kuku wa kulisha." Sikulala siku tatu. Mtu wa umri wangu, nilikuwa kama anayesubiri matokeo ya mtihani.

Na hapa ndipo uvivu unapoingia. Ilikuwa Novemba, mwezi ambao sisi Wakatoliki tunawaombea marehemu wetu, na mimi ndiye katibu wa jumuiya yetu (walinichagua siku ambayo sikuhudhuria, ndivyo tunavyochaguana). Kazi yangu ilikuwa kuandika majina ya marehemu wa jumuiya yasomwe kwenye misa ya kwanza Jumapili. Jumapili hiyohiyo bendi ilitaka kuwatangaza na kuwapongeza wanamuziki wakongwe wa hapa kwetu walio hai, majina saba, Mzee Rajabu wa kwanza, na kiongozi wa bendi akaniambia, "Andika wewe, Kobe, una mwandiko." Mtu akinisifia mwandiko nimekwisha. Jumamosi nikakaa mezani na daftari moja na kalamu moja, nikaandika wafu kwenye ukurasa huu, wazima kwenye ukurasa ule, nikachana, nikakunja zote sawasawa. Kuandika juu yake "Marehemu" au "Wakongwe wa muziki" nikaona ni kupoteza wino, kwani mwandishi si mimi? Mimi si najua ipi ni ipi? Moja nikaiweka chini ya redio kwa ajili ya kanisa, nyingine mfukoni mwa shati la kazi. Jioni nikazitoa zote mbili nizitazame tena, nifurahie mwandiko, nikazirudisha. Na hapo, bila shaka yoyote, ndipo zilipobadilishana mahali.

Alfajiri ya Jumapili mvua inanyesha, Mama Neema hayupo, amekwenda Kalinzi kumwona mama yake, nami nimejifunika hadi pua. Dirishani nikasikia sauti ya Mama Yosefa. Huyu ni jirani yangu ukuta kwa ukuta, mjane aliyeletwa na wazazi wake kutoka Burundi akiwa mgongoni, ana sauti ya kuita boti iliyokwishaondoka ikarudi.

"Mwakeye, Baba Neema! Karatasi ya marehemu iko wapi? Na wewe mwenyewe huji?"

"Nakuja misa ya pili, mama," nikadanganya, maana nilikuwa nimejiambia mdomo wa mpulizaji unatakiwa kupumzika (mdomo gani unaochoka kwa kuitikia Amina?). Nikapapasa chini ya redio, nikatoa mkono dirishani pamoja na karatasi, mkono ukarudi ndani, macho yakajifumba.

Yaliyofuata nimesimuliwa mara nyingi na watu wengi, kila mmoja anaongeza chumvi yake, lakini mfupa ni huu. Msomaji alisimama mbele ya kanisa zima akasema, tuwaombee marehemu wetu, akafungua karatasi yangu yenye mwandiko mzuri, na jina la kwanza likawa "Rajabu Mapafu, saksafoni". Alisita kidogo, lakini kwetu Kigoma kila ukoo una akina Rajabu na akina Gaspari wanaokula chungu kimoja, akaendelea hadi jina la saba. Wale sita wengine hakuna aliyewajali. Ila Mapafu! Wanawake waliosindikizwa na matarumbeta yake siku za harusi zao wakaanza kupangusa machozi kwa ncha za vitenge. Mama mmoja wa nyuma akamuuliza mwenzake ni nini kimemchukua, akajibiwa, "Hujasikia? Mapafu." Na hakuna aliyetilia shaka hata kidogo, kwa sababu Mama Yosefa aliwatuliza nje ya kanisa kwa hoja nzito: "Karatasi kaandika Baba Neema mwenyewe. Huyo ndiye anayemwabudu yule mzee. Asipojua yeye, nani atajua?"

Basi wakajipanga kwenda msibani. Mnajua kwetu msiba hauulizwi mara mbili, sufuria zinatoka zenyewe. Saa tatu hivi wakapita kwangu wanichukue. Mlango ukagongwa.

"Baba Neema! Toka twende!"

Nikajua ni misa ya pili, wamekuja kunikokota. Nikavuta blanketi nikabana pumzi kama mwizi wa kuku. Wakagonga tena. Vumbi la blanketi likaniingia puani, nikatoa sauti fulani, nusu chafya nusu mkoromo, nikaibana katikati.  Halafu Mama Yosefa akasema kwa huruma ambayo sijawahi kuisikia kwake, si kabla wala baada, "Maskini, mwacheni. Amezidiwa na uchungu." Wakaenda zao. Nami, shujaa wenu, nikajipongeza kwa kuwashinda akina mama, nikalala tena hadi saa tano.

Wenzangu wa jumuiya walishuka Ujiji na bajaji mbili, wanawake saba, sufuria mbili kubwa, ndoo ya maharage na gunia la mkaa. Mzee Rajabu alikuwa kibarazani anawatupia kuku pumba. Akaona kundi la wanawake linakuja mtaani kwake, linalia, lina sufuria. Mtu wa watu yule, hakuuliza mengi, akaingia ndani akavaa kanzu na kofia, akatoka kuwafuata, akamkuta mama mmoja anahangaika na gunia, akamsaidia upande mmoja.

"Poleni, wanangu. Nani katutoka?"

"Ni yule mzee wa matarumbeta, baba. Rajabu."

"Inna lillahi. Rajabu yupi?"

"Mapafu."

Mzee akaliweka gunia chini. "Mapafu ni mimi," akasema.

Yule mama alimtazama, akatazama kofia, akatazama kuku, kisha akapiga yowe moja, na Mama Yosefa aliyekuwa mbele akageuka na ndoo, akamwona marehemu amesimama katikati ya barabara. "Mana yanje!" akamwita Mungu kwa Kirundi. Maharage yote chini. Wanasema kuku wa Mzee Rajabu ndio waliofaidi.

Sasa turudi kwangu, maana mimi haya yote sikuyajua. Saa nane mchana jua limetoka, nipo ufukweni nimepiga pasi hadi soksi, natupia macho getini kila nusu dakika kama Mzee amefika. Karatasi yangu ya mfukoni nikamkabidhi mwimbaji wetu, Papaa Dede, mtu wa ng'ambo ya ziwa, sauti ya asali, ambaye ana miezi minne tu Kigoma na hajui aliye hai wala aliyekufa. Nikamwambia, "Nikianza kupuliza, wewe taja majina, uwaite mbele mmoja mmoja, wapigiwe makofi." Akasema hiyo ndiyo kazi aliyozaliwa nayo.

Nikaanza. Nimefumba macho (wakubwa wote hufumba macho, na kama huwezi kupuliza kama wao basi angalau fumba kama wao), nikamsikia Dede kwenye maiki: "Na sasa, wapenzi, tuwapongeze wakongwe wetu waliotufikisha hapa! Mzee Antoni Ruhaga, uko wapi? Inuka tukuone!"

Nikasema moyoni, Ruhaga? Sisi tuna Ruhaga mpiga ngoma? Kimya kwenye meza. Dede hakukata tamaa. "Anaona haya, Mzee Ruhaga! Tumwache. Mama Skolastika Ntibakazi! Mama Skola, njoo mbele utuoneshe kiuno!"

Macho yakafunguka yenyewe. Mama Skolastika tulimzika mwezi wa pili, mimi nilibeba msalaba. Na mumewe, Mzee Melkiori, alikuwa meza ya tatu kutoka mbele na soda yake ya chungwa, ameshika kofia kifuani, hajui asimame au akae.

Hebu nieleweni shida ya saksafoni. Mpiga gitaa akiona mwimbaji anaharibu, anasema "Wee, nyamaza!" na mkono unaendelea. Mimi mdomo wangu uko kazini. Na tulikuwa tumekubaliana nisiache kupuliza hadi majina yaishe. Kwa hiyo nikajaribu kumkataza kwa kupuliza. Nikatoa mlio mkali wa kumshtua. Dede akaruka juu kwa furaha: "Aaah, Kobe amepandisha! Mzee Gervasi, umesikia hiyo? Popote ulipo, itikia!" Nikapuliza kwa kukemea, nikatikisa kichwa, nikapiga mguu chini, nikamtolea macho, na kila nilivyokataza ndivyo alivyoona moto unawaka, akawa anayataja majina mawili mawili, "Bibi Veronika! Fundi Yohana! Amkeni, amkeni, mbona mmelala mapema!" Watu wasiojua wanacheza, wanaojua wamefunika midomo, na mpiga ngoma wetu, ambaye Fundi Yohana ni marehemu baba yake mdogo, ameacha kupiga upande mmoja.

Ndipo nilipoona geti linafunguka. Mbele Mzee Rajabu, kanzu nyeupe na kofia. Nyuma yake akina mama wa jumuiya, na sufuria zao. Wale waliosali misa ya kwanza walipomwona wakatawanyika, meza mbili zikaanguka, mtu mmoja aliruka ua wa michongoma ambao mtu mwenye akili hauruki. Mimi bado napuliza, sijui kwa nini, nadhani pumzi ilikuwa imesahau njia ya kutoka mahali pengine. Mzee akatembea taratibu na lile goti lake hadi mbele, akamwomba Dede maiki kwa adabu kabisa.

"Nimesikia mnawaita marehemu waje mbele," akasema. "Wenzangu wana udhuru. Nimekuja mimi."

Kicheko kilichotoka pale nadhani kilisikika Bangwe. Hata Mzee Melkiori alicheka, ndiyo rehema pekee niliyoipata siku ile. Mimi nikashusha saksafoni. Mama Yosefa alikuwa tayari pembeni yangu na karatasi ya kanisani, anaitikisa puani kwangu: "Mwandiko wa nani huu? Huu mwandiko wa nani?" Nikajibu kwamba ni wangu. Akauliza na asubuhi walipogonga nilikuwa wapi. Nikajibu kwamba nilikuwa ndani. "Unalia?" Hapana. "Unafanya nini?" Nikasema, mbele ya bendi, mbele ya jumuiya, mbele ya mtu niliyekuwa nataka anisikie kuliko wote, kwamba nilikuwa nimejificha nikidhani ni misa.

Nilitegemea Mzee acheke tena. Hakucheka. Alivuta kiti cha plastiki akakaa, akatutazama wote tulioshika vyombo, mmoja mmoja.

"Kufa hakukuniudhi," akasema. "Watu huzushiwa. Hawa mama niliwapigia harusi zao miaka mingi iliyopita, wamesikia nimekufa, wamekuja na mkaa. Lakini ninyi wa muziki, mnaonisifia kila siku, mnaosema mnanihusudu, sikumwona hata mmoja. Hata simu. Na hapo nilikuwa nimekufa tangu asubuhi."

Kiongozi wa bendi akasema, "Shikamoo Mzee, sisi hatukusikia."

"Marahaba. Ndiyo hivyo, hamkusikia. Sasa wapiga muziki wasiosikia ni watu wa namna gani?"

Hapo mchanga wa ufukweni ungenimeza ningeushukuru. Maana kweli, sisi wa kazi hii tuna tabia hiyo. Tunawasifu wakubwa wetu kwa maneno makubwa, tunaiga wanavyofumba macho, tunaiga hata wanavyofuta jasho, lakini kwenda kumwona mtu kibarazani kwake bila shida ya kumwomba, hilo hatuna. Miaka mitatu nimekwenda Ujiji, na sijawahi kwenda kumsalimia tu.

Nikapiga goti kwenye mchanga, suruali ya pasi na yote. "Nisamehe, Mzee. Na najua habari ya Jumatatu ndiyo imeisha."

Mzee akageuza kiti kunielekea. "Nilikuja kusikia kama una kitu," akasema. "Pale mwanzo, umefumba macho, sikusikia kitu. Nilikuwa hapo nje getini. Halafu ukaanza kumkataza huyu bwana. Hapo nikasikia mtu ana neno la kusema na anataka asikilizwe. Ndiyo kwanza leo. Jumatatu uje."

 Dede ndiye aliyeninyanyua, na yeye alikuwa analia, ingawa hadi leo hajaelewa vizuri kilichotokea.

Nikaenda Jumatatu, saa moja asubuhi, kabla hata kuku hawajafunguliwa. Nikadhani atatoa sanduku chini ya kitanda. Hakulitoa. Alinikalisha kibarazani akasema, "Wewe umeniua, basi unikalie arobaini. Siku arobaini, noti moja, moja tu, ileile, nusu saa kila asubuhi. Na si chumbani kwenye kabati la mkeo, nimeshaambiwa habari zako. Nje, uani, watu wakuone. Ukimaliza arobaini ndipo nitakuwa nimefufuka, nikufundishe ya pili."

Ukatibu wamenivua, wamempa mtu anayeandika vichwa vya habari hadi kwenye orodha ya sokoni, na nimeapa mbele ya Mama Neema kwamba sitaandika jina la binadamu popote bila kueleza kwanza kama anapumua. Mlango ukigongwa nafungua, hata kama ni misa ya pili. Kila asubuhi natoka na kiti changu uani, saa kumi na mbili na nusu, napuliza noti yangu moja, naiachia, naichukua tena, na wakati mwingine, kati ya mara mia, nasikia mwiba mmoja unatoka. Leo ilikuwa siku ya kumi na saba. Nilipokuwa napumzika, Mama Yosefa alipandisha kichwa juu ya ukuta, kitambaa hajafunga, mswaki mdomoni, akanitazama kwa muda mrefu kisha akatema.

"Baba Neema," akasema, "yule mzee hajakusamehe. Anakukomoa, na sisi majirani anatukomoa bure."